Massawe wa Kibosho na Massawe wa Rombo: Uchambuzi wa Kisa cha Jina la Ukoo Mjini Moshi

Kijana mmoja wa Moshi mjini, ambaye kwao ni Kibosho, alimtuma mshenga apeleke posa kwa binti ambaye kwao ni Rombo. Mshenga alipokewa vizuri, lakini kabla barua haijafunguliwa aliulizwa swali moja: huyu Massawe ni Massawe wa wapi? Binti naye anaitwa Massawe. Habari ilipofika Kibosho, baba mkubwa wa kijana, ambaye kaka yake mdogo alikuwa ameisaini barua ile bila kumshirikisha, alisimamisha kila kitu na kusema kwamba Massawe hamuoi Massawe. Hakuna aliyekuwa na neno juu ya tabia ya kijana wala kazi yake ya kuuza vipuri vya magari, na wote wawili ni Wakatoliki, kwa hiyo dini haikuwa kikwazo. Kilichowazuia kilikuwa jina tu. Nilifuatilia jambo hili kwa karibu kwa sababu niliombwa kuandika mihtasari ya vikao vya familia zote mbili, na wahusika wameridhia kwamba kisa chao kiandikwe bila majina yao binafsi.

Wapo vijana katika familia hizo waliolichukulia suala hili kuwa ni ushamba wa wazee. Walisema kwamba sheria ya nchi haina tatizo na ndoa hiyo, na katika hilo walikuwa sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mtu kumwoa au kuolewa na mzazi au babu na bibi yake, mtoto au mjukuu wake, ndugu yake, shangazi, mjomba, na wapwa, pamoja na makundi mengine machache. Haisemi lolote kuhusu watu wanaoshiriki jina la ukoo. Kanisa Katoliki nalo huhesabu ngazi za damu, na kizuizi chake cha ndugu wa pembeni huishia kwenye ngazi ya nne, yaani kwa watoto wa ndugu wawili. Kama wachumba hawa wangekwenda moja kwa moja kwa paroko, matangazo yangesomwa na huenda hakuna ambaye angesimama kupinga. Hata hivyo, kwa maoni yangu baba mkubwa alikuwa na haki kamili ya kuuliza. Mila za Wachagga hukataza watu wa ukoo mmoja kuoana hata pale ambapo hakuna anayekumbuka babu anayewaunganisha, na familia inayoingia katika ndoa huku swali hilo likining'inia huendelea kuulizwa kwenye kila msiba na kila ubatizo wa mtoto. Kosa lingekuwa kulijibu swali hilo kwa kutazama jina peke yake.

Ni kweli kwamba katika Kilimanjaro jina la mwisho humwambia msikilizaji mambo mengi kwa haraka. Ukisikia Lyimo unafikiria Marangu, ukisikia Nkya unafikiria Machame, ukisikia Kavishe au Tarimo unafikiria Rombo, na mara nyingi utakuwa hujakosea. Zipo hata orodha zinazosambazwa kwenye simu zikionyesha kila ukoo na mahali pake, na watu huzisoma kwa fahari. Lakini orodha hizo hazina uzito wa ushahidi. Jina Massawe lenyewe linapatikana magharibi na mashariki ya mlima, na wenye jina hilo wametawanyika kiasi kwamba haliwezi kumfunga mtu kwenye kijiji kimoja: mmoja wa wanaofahamika zaidi ni Askofu Mkuu Isaac Amani Massawe, aliyeliongoza Jimbo la Moshi tangu mwaka 2008 hadi alipoteuliwa kwenda Jimbo Kuu la Arusha mwishoni mwa 2017. Aidha, tofauti ya tahajia kati ya Masawe na Massawe, ambayo mmoja wa wajumbe wa kikao aliileta kama hoja kwamba hizo ni koo mbili, haina nguvu. Katika Kijerumani na Kifaransa, s moja iliyokaa kati ya irabu husomwa kwa sauti iliyo karibu na z, kwa hiyo mtu aliyesomeshwa katika lugha hizo alikuwa na sababu ya kuandika s mbili pale ambapo karani wa Kiswahili angeandika moja. Katika familia ya kijana nilikuta vyeti vya ndugu wawili wa baba na mama mmoja, kimoja kikiwa na s moja na kingine kikiwa na mbili.

Kilichofungua njia ni jambo ambalo upande wa binti ulikuwa umelizoea mno hata hawakuliona kuwa lina maana. Kaka mkubwa wa binti, mtoto wa baba na mama wale wale, haitwi Massawe. Anaitwa Kavishe. Pale Pasua, mjini Moshi, walipokulia, majirani walidhani kwa miaka mingi kwamba ni mtoto wa kambo, na mama yao aliwahi kuumizwa sana na maneno hayo. Ndani ya nyumba maelezo yalikuwa mafupi: kaka aliandikishwa shule na babu kule Rombo, na wadogo zake waliandikishwa na baba mjini. Hakuna aliyekuwa ameuliza kwa nini babu na baba waliandika majina mawili tofauti.

Hapa inafaa kueleza jinsi jina la mwisho lilivyopatikana kwa watu wa mlimani, kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba lilikuwapo tangu zamani likisubiri kuandikwa. Mtu alijulikana kwa jina lake na la baba yake, na ukoo ulitajwa pale ulipohitajika: kwenye posa, kwenye kuchinja, kwenye kugawa kihamba (shamba la urithi la ukoo), kwenye kesi mbele ya mangi (mtawala wa kienyeji). Mahitaji ya kuwa na jina moja lisilobadilika yaliletwa na madaftari. Kwanza yalikuja ya wamisionari, ambao kwa upande wa Wakatoliki walikuwa Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, Kibosho mwaka 1893, na Rombo kabla ya karne ile kwisha. Kisha madaftari ya kodi ya Wajerumani na Waingereza. Halafu ya wakulima wa kahawa, kuanzia chama cha KNPA cha mwaka 1925 na KNCU kilichokifuata katika miaka ya 1930. Na hatimaye ya shule. Kila daftari lilikuwa na mwandishi wake, na kila mwandishi aliuliza kwa namna yake. Mmoja aliandika jina la babu, mwingine la ukoo, mwingine la mwenye boma ambamo mtoto alikutwa akiishi.

Matokeo yake yanaonekana hata kwa watu mashuhuri. Jina la Marealle, linalojulikana nchi nzima, lilianza kama jina la mtu mmoja, Mangi Marealle wa Marangu, aliyefariki mwaka 1912, ambaye ukoo wake ni Lyimo. Wajukuu zake, akiwemo Thomas Marealle aliyekuwa Mangi Mkuu wa Wachagga kuanzia 1952 hadi 1960, wamelibeba kama jina la familia. Anayesoma majina tu hataona undugu uliopo kati ya Marealle na Lyimo. Solomon Nkya Eliufoo wa Machame, aliyekuwa Waziri wa Elimu katika miaka ya 1960, alikuwa na jina la Nkya katikati, ilhali taifa linamkumbuka kwa Eliufoo. Kwa hiyo ndugu wa damu wanaweza kuwa na majina mawili, na wasio ndugu wakawa na jina moja, bila mtu yeyote kudanganya.

Shahidi mkuu katika kisa hiki alikuwa shangazi wa binti, dada mkubwa wa marehemu baba yake, ambaye anaishi Rombo na ambaye kumbukumbu yake ilimshangaza kila aliyekaa naye. Safari ya kwenda kwake, kwa barabara ya Himo na Mwika, ilifanywa na kaka wa binti pamoja na mshenga, nami nikaandamana nao. Mshenga alianza kwa adabu inayostahili, akamweleza kwamba wametumwa na wazee wa Kibosho na kwamba hakuna anayelaumiwa. Shangazi hakuhitaji kubembelezwa. Alisema, "Wanangu, sisi si Massawe. Massawe ni wajomba zetu. Baba alilelewa huko, nasi tukaandikwa huko."

Maelezo yake yalikuwa haya. Bibi yake mzaa baba alikuwa binti wa ukoo wa Massawe wa Rombo, akaolewa na mwanamume wa ukoo wa Kavishe katika kijiji cha jirani. Mume alifariki wakati mtoto wao wa kwanza wa kiume akiwa mchanga. Ndugu wa mume walitaka mjane abaki na arithiwe kama ilivyokuwa desturi, lakini hapakuwa na maelewano, naye akarudi kwao akiwa amembeba mtoto. Mjomba wa mtoto yule alimpokea, akamlea pamoja na watoto wake, akampeleka kwa katekista, na alipokua akampa kipande cha shamba la kuanzia maisha. Watu wa kodi walipopita, walimkuta kwenye boma la Massawe na kumwandika Massawe. Alipopanda kahawa, aliingia kwenye chama kwa jina hilo. Watoto wake walipopelekwa shule, jina lilikuwa limeshakaa. Ila alipozeeka, alimwandikisha mjukuu wake wa kwanza wa kiume kwa jina la Kavishe, na mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mjini hakupinga, lakini wala hakufuata mfano huo kwa watoto waliofuata, kwa kuwa mishahara na nyaraka zake zote zilikuwa kwa jina la Massawe.

Maelezo haya yalipofikishwa Kibosho, baba mkubwa hakuyakubali papo hapo, na swali alilolitoa ndilo lililokuwa zito kuliko yote katika kisa hiki. Aliuliza kama mahari ya yule bibi ilikuwa imetolewa. Kwa mtazamo wa mila, mtoto huwa wa ukoo wa baba kwa sababu mahari imetolewa na ndoa imetambuliwa. Kama mama alirudi kwao bila mahari kutolewa, basi mtoto aliyelelewa kwa wajomba ni wa wajomba, na jina la Massawe halikuwa kosa la karani bali ni ukweli. Wapo waliomwona kuwa anatafuta kisingizio. Mimi naona aliona kiini cha jambo kuliko sisi tuliokuwa tumefurahia simulizi la shangazi, kwa sababu kulelewa kwa mjomba ni jambo la kawaida na kunaweza kutafsiriwa kwa namna mbili kinyume kabisa.

Ushahidi wa mahari iliyotolewa karne moja iliyopita hauwezi kupatikana kwa risiti. Unatafutwa kwa kuangalia jinsi watu walivyotendeana baadaye, na hapo ndipo kaka wa binti alipofanya kazi kubwa. Aliwatafuta wazee wa ukoo wa Kavishe katika kijiji alichotajiwa na shangazi. Hawakuhitaji kuelezwa yeye ni nani. Walimtaja babu yake kwa jina lake la nyumbani na wakaonyesha kihamba kilichokuwa cha baba wa babu, ambacho sasa kiko mikononi mwa uzao wa mdogo wake. Walisema kwamba babu alikuwa akija kila walipochinja, na kwamba alipewa sehemu yake ya nyama kama mtoto wa kwanza wa baba yake. Jambo hilo ni zito. Katika kuchinja kwa Wachagga, nyama haigawiwi kwa ukarimu tu. Kila mtu ana sehemu yake kwa mujibu wa nafasi yake katika ukoo, na mgeni au mpwa hapewi sehemu ya mtoto wa kwanza. Wazee wale walieleza pia kwamba mgogoro wa zamani haukuwa juu ya mahari, ambayo ilitolewa, bali juu ya nani amrithi mjane.

Ushahidi wa pili ulitoka kwenye majina ya kwanza, ambayo katika mambo haya huaminika kuliko ya mwisho. Desturi ya Wachagga ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Kwa watoto wa kike hufuatwa bibi kwa mpangilio huohuo. Kwa hiyo jina la nyumbani hurudi kila baada ya kizazi kimoja. Tulipoandika mstari wa binti na ule wa wazee wa Kavishe kwenye karatasi moja, jina la kienyeji la baba yake lilikutwa kwa baba wa babu yake, yaani yule aliyefariki kijana, na tena juu zaidi. Katika mstari wa Massawe wa Rombo jina hilo halimo kabisa. Daftari la ubatizo la parokia, ambalo padre aliridhia litazamwe mbele yake, lilimtaja babu kwa jina la ubatizo, jina la baba yake na jina la mama yake, bila ukoo wowote. Jina la baba lilikuwa lile lile lililotajwa na wazee. Daftari halikutaja Kavishe, lakini halikutaja Massawe pia, na hilo lilionyesha kwamba jina la wajomba liliingia baada ya ubatizo.

Likabaki swali ambalo kwa uhalisia lilikuwa limeshapoteza uzito kwa ndoa hii, lakini wazee wa Kibosho hawakutaka liachwe: Massawe wa Kibosho na Massawe wa Rombo ni watu wa babu mmoja? Nimelisikia likijibiwa kwa haraka kwa pande zote mbili. Historia ya mlima inatufundisha tahadhari. Kabla Waingereza hawajaunganisha nchi za wamangi katika tarafa tatu za Hai, Vunjo na Rombo mwaka 1946, kila mangi alikuwa na watu wake, na lahaja za magharibi na za mashariki zinatofautiana kiasi kwamba mtu wa Kibosho na mtu wa Rombo hupendelea kuzungumza Kiswahili ili waelewane. Wakati huohuo, vita vya karne ya 19 na ugomvi wa ndani uliwafanya watu wengi kuhama kutoka nchi ya mangi mmoja kwenda kwa mwingine, na koo nyingi zina simulizi za kutoka nje ya mlima kabisa, kama Ukambani au Taita. Jina moja katika nchi mbili linaweza kuwa alama ya uhamaji huo, au linaweza kuwa sadfa. Baba mkubwa aliitaja mizizi yake hadi kizazi cha saba na hakuna hata mmoja aliyetoka au kwenda Rombo. Wajomba wa Rombo nao walifanya hivyo bila kuitaja Kibosho. Koo hizo mbili hazichinji pamoja na hazifungi msiba pamoja. Mzee mmoja wa Kibosho alikumbuka kwamba dada wa baba yake aliolewa na Massawe wa Rombo na hakuna aliyezuia. Kwa watu wanaolinda mila, mfano huo ulitosha, nami nakubaliana nao, kwa sababu ukoo ni watu wanaotambuana, na hawa hawajawahi kutambuana.

Kikao cha mwisho kilifanyika Kibosho, na uamuzi wake ulikuwa kwamba posa ipokelewe upya, safari hii ikiwa imeandikwa kwamba binti ni wa ukoo wa Kavishe anayetumia jina la Massawe. Baba mkubwa ndiye aliyeomba mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, imiminwe, na ndiye aliyemtaka kaka wa binti akae karibu naye. Mahari ilipangwa ipelekwe kwa watu wa Kavishe, jambo ambalo liliwagusa sana wazee wale wa Rombo, kwa kuwa lilikuwa la kwanza kufanywa na uzao wa babu yule kwa jina lao. Wajomba hawakusahauliwa: shangazi alisisitiza kwamba wapewe sehemu yao kwanza, kwa kuwa bila wao baba yake asingeishi, na hakuna aliyempinga.

Kuhusu kubadili jina, binti alishauriwa na baadhi ya jamaa arudie Kavishe mara moja. Nilipinga, na bado naona kwamba ushauri ule haukufikiria vya kutosha. Vyeti vyake vya shule, namba yake ya NIDA, akaunti ya benki na mkataba wake wa ualimu vinasomeka Massawe, na hati ya kubadili jina, hata ikisajiliwa kisheria, humlazimu mtu kuibeba maisha yote na kuieleza kwa kila karani. Yeye mwenyewe aliamua kubaki na jina alilosomea, na kuandika Kavishe kwenye kitabu cha familia.

Uamuzi huo ulihitaji nyaraka za ziada kwa sababu ya mirathi ya baba yao, ambayo ilikuwa haijafunguliwa. Marehemu aliacha nyumba Pasua na kipande cha shamba Rombo, vyote kwa jina la Massawe, na mtoto wake wa kwanza anaitwa Kavishe. Ndugu walikubaliana kwamba kaka huyo ndiye awe msimamizi wa mirathi, na ili mahakama ya mwanzo isimwone kuwa mtu wa nje, aliandaliwa muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na pande zote, barua ya mtendaji wa kijiji, cheti chake cha ubatizo kinachowataja baba na mama, na hati za kiapo za shangazi na za wadogo zake wote zikieleza kwamba Kavishe huyu na Massawe hawa ni watoto wa baba mmoja. Shauri limeshafunguliwa, na hadi ninapoandika hakuna pingamizi lililowasilishwa. Matangazo ya ndoa yamesomwa Jumapili zote tatu, yakimtaja binti kwa jina la Massawe na nyumbani kwao kuwa ni Rombo, kwa Kavishe.